Maneno ya Midomo Mitupu

Nora Hargreaves, mfumaji wa kiwanda cha nguo mjini Burnley, Uingereza, aliketi kwenye benchi la pembeni ndani ya basi, akitazamana na mume na mke vijana waliotoka sinema ile ile aliyotoka yeye. Maisha yake yote picha za sinema zilimwonyesha mabwana wakinywa chai, na watu wa aina yake wakiwafungulia milango. Leo, jamani, kaona kwenye picha mpaka sinki kama lake!

"Picha gani ile? Sinki kama la Mama!" kijana alidhihaki.

"Nyamaza, Clifford. Wale ni sisi. Wamebanwa chumba cha mbele kwa mama mkwe, hata kukohoa wanaogopa."

"Haya, Doreen, kwenye picha, pale kiwandani, yule mke alimwambia nini shoga yake? Mitambo inanguruma, sikusikia kitu, ghafla wanawake sinema nzima mnalia!"

Nora alijua. Katika kelele zile wafumaji huzungumza kwa midomo tu, bila sauti, na mwigizaji yule aliipatia lugha hiyo kama aliyezaliwa kati ya mitambo: "Kwa mama mkwe sirudi tena. Akinipenda, atanifuata."

"Niambie basi!" Clifford alisisitiza.

"Mwaka mzima unalala na mfumaji, hujajifunza?"

Basi likasimama mtaani kwao. Clifford akainuka. Doreen hakuinuka. Alimkazia macho mumewe, akayasema maneno yale yale ya mwigizaji, polepole, bila sauti.

"Unasemaje?" Clifford aliuliza, mguu mmoja ngazini. "Shuka bwana, Mama anatungoja!"