Mizani Tatu za Neno Popote

Waheshimiwa waombolezaji, wazee wetu, wanaushirika mliovuka kizuizi cha mpakani tangu alfajiri, majirani na jamaa wote, nasimama kwa idhini ya familia, mimi mpwa wa marehemu, niwasomee maisha ya mjomba wangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Popote, na ninaomba radhi mapema, kwa kuwa nimefunzwa kupima maneno kwa vina na mizani, na maisha haya yalipimwa kwa chuma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1962, katika chumba cha nyuma cha ghala la pamba, akiwa mtoto wa tatu wa karani wa mizani, na siku hiyohiyo babu alikuwa akifungwa bandeji kichwani, baada ya mlanguzi mmoja kukataa kusomewa uzito wa kweli, hivyo bibi alizoea kusema kwamba mtoto huyu alisikia kipigo kabla ya kusikia jina lake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha sekondari ya bweni, ambako alichapwa fimbo sita kwa kubishana na mwalimu juu ya mkato mmoja, na mkato ule, mwalimu alikuja kukiri, ulikuwa mahali pake, halafu akajiunga na chuo cha ushirika, alikohitimu stashahada tarehe 30 Novemba 1985.

Tarehe 2 Januari 1986 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa pamba, palepale alipozaliwa, na tarehe 19 Julai 1988 mlanguzi aliyejulikana kwa jina la Jiwe, kwa sababu alitembea na jiwe la mizani lililojazwa madini ya risasi ndani, zito kuliko namba iliyochorwa juu yake, alimtaka alitumie, marehemu akakataa, Jiwe akampiga nalo mdomoni, meno manne yakaanguka juu ya pamba nyeupe mbele ya foleni nzima, naye akapangusa damu, akasema meno yaliyobaki yanatimiza akidi, kikao kiendelee, akapima gunia lililofuata, na hadi uzeeni alijigamba kwamba ni yeye peke yake aliyeujua uzito halisi wa jiwe lile.

Muuguzi aliyemshona mdomo siku ile, akimkemea anyamaze mpaka amalize, ndiye aliyefunga naye ndoa tarehe 8 Desemba 1990, naye ni mkazamjomba wangu aliyeketi hapa mbele, na Mungu aliwajalia mabinti wawili, wa kwanza, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1992, ni fundi umeme, na wa pili, wa tarehe 21 Oktoba 1996, ni mwalimu.

Tarehe 1 Aprili 2009 aliitwa katika ofisi ya uandishi wa miswada ya baraza la nchi zetu tatu jirani, asaidie kutunga sheria moja ya vyama vya ushirika, kwa maana kiwanda cha kuchambua pamba kiko ng'ambo, mwendo wa saa moja kwa miguu, ilhali mkulima wa upande huu haruhusiwi kuwa mwanachama wa upande ule, na hapo katikati, penye kizuizi, ndipo Jiwe na wenzake walipojenga ufalme wao, na dawa ya marehemu ilikuwa kifungu cha kumi na moja, kisemacho mwanachama ni mzalishaji aliyekubaliwa na wenzake, popote anapoishi, na mwanasheria mmoja alipopendekeza iwe popote ndani ya nchi yake, marehemu alimjibu kwamba hiyo ni popote iliyofungwa kamba mguuni.

Tarehe 14 Agosti 2015, wanachama wa pande zote mbili walipokutana ukumbini kukijadili kifungu hicho, kundi la watu wenye marungu na nondo lilivunja milango, wakulima wawili, mtu na kaka yake, waliuawa kizingitini, na marehemu alishikwa mkono wa kulia, vidole vikawekwa kwenye bawaba ya mlango wa chuma, mlango ukafungwa mara tatu, huku wakimwambia, haya, andika sasa, mwandishi.

Aliandika, ndugu zangu, kwa mkono wa kushoto, akijifunza kwa miezi minane kama mtoto wa darasa la kwanza, mwandiko ukiegemea kama mlevi anayetafuta ukuta, na mimi nilipompelekea mashairi yangu alicheka, akaniambia, ninyi washairi, mpwa wangu, mnahesabu mizani kwa vidole, sisi tumeihesabu kwa meno, na vidole vyenyewe vimekwisha.

Katika sehemu ya maradhi sina la kusoma, kwa kuwa marehemu hakuugua, marehemu alipigwa, na ilikuwa tarehe 23 Februari mwaka huu, alipofungua nakala arobaini na mbili za muswada katika chumba cha uchapaji, akakuta kifungu cha kumi na moja hakina neno popote, hakufoka, alivuta kiti, akaanza kuliandika nakala baada ya nakala na kutia saini pembeni, akawa amefika nakala ya thelathini na moja, saa sita mchana, watu watatu walipoingia na mabomba ya chuma, wakamvunja mbavu, wakampasua kichwa, naye akalala kifudifudi juu ya karatasi zile, ndiyo maana damu imo lakini hakuna hata moja iliyochanika.

Alifariki hospitalini tarehe 1 Machi, saa nne asubuhi, huku nakala kumi na moja zikiwa hazina neno lile, na kwa kanuni za baraza muswada wenye nakala zinazopingana hutupwa wote, na ungetupwa, lakini juzi baraza lilipokea rasimu ya awali yenye mwandiko ule wa kushoto, pamoja na ushahidi wa kiapo, hivyo neno limerudishwa, na kura itapigwa Alhamisi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania uhai wake siku sita, majirani waliolinda nyumba hii, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya miswada, na wanachama waliobeba jeneza kwa zamu, wa huku na wa ng'ambo.

Pumzika, mjomba, jiwe halikufikii tena.

Na habari ya neno lile niliipata kwanza kwenye ukumbi wa hospitali, kwa mpiga chapa aliyelifuta, baada ya kuwekewa panga shingoni mbele ya mashine yake, naye alikuwa ametoka kuungama kitandani kwa marehemu, akajibiwa, umekosea mizani tatu tu, dada yangu, zirudishe, akaenda na rasimu ile aliyokuwa ameihifadhi, akaapa mbele ya baraza zima, na nilipomwahidi leo kumficha alikataa, akataka nimtaje mbele ya yeyote aliyetumwa kusikiliza, basi namtaja, ni Mama Taipu, yule pale, amesimama.