Ndege ya Safiya Haijapita Bado

Miye naitwa Colette, ninauzisha kahawa na mikate ya kukaanga hapa Kabondo, Kisangani, mbele ya nyumba ya Jafari fundi nguo. Banc yenye iko karibu na marmite yangu ni ya kwangu, mbao nilinunua miye, lakini wanaume tatu wanaikalia kila siku sawa vile walizaliwa nayo. Wa kwanza ni Papa Zéphirin, alibeba mizigo ku aeroport ya Bangboka miaka makumi tatu, sasa amepumzika, tunamwita Tour de Contrôle, juu ya sikio yake yenye kujua ndege zote. Wa pili ni Guelord, iko na miaka makumi tano na bado anaendesha moto, pikipiki ya kubeba watu, anajiita Turbo, lakini ile moto hata ku mutelemuko inachoka. Wa tatu ni Jafari mwenyewe, mutu wa kimya. Siku ile ya samedi, Jafari alivaa koti mupya na viatu vya kungaa, akakaa pembeni, kahawa yake ikapoa bila kuguswa.

Alikuwa anangoja Safiya, bibi yake wa ndoa. Miaka sita Safiya alikuwa haoni, macho imefungwa na cataracte, Jafari anamutembeza kwa mukono mpaka soko, mpaka kwa docteur, mpaka kwa matanga za watu. Ndugu yake wa Kinshasa alimuita kule, wakamupasua, ikafaulu. Sasa anaona. Alipiga simu, akasema: «Jafari, nikishuka, uso ya kwanza ya Kisangani ya kuona ikuwe ya kwako. Usitume mutu.» Jafari akaapa.

Lakini kampuni ya ndege, weee! Siku ya lundi haikukuja. Siku ya mercredi haikukuja. Mara zote mbili Jafari alishinda Bangboka ku jua tangu asubuhi, akarudi jioni na kichwa inamupiga. Njo Papa Zéphirin akamupa akili yake:

— Jafari, ndege zote zinapitaka juu yetu hapa mbele ya kushuka. Tangu ipite mpaka mizigo itoke, ni saa nzima. Moto ya Turbo inakufikisha mapema. Leo kaa hapa, kunywa kahawa. Sikio yangu itakuambia.

Nisidanganye, hata miye nilikubali. Kabondo tunaishi vile. Ndege ikipita, mama mwenye mugeni anatia samaki ku moto, mugeni anafika samaki imeiva. Sikio ya Papa Zéphirin haijaharibisha samaki ya mutu.

Ndege ilikuwa ya saa tano. Saa ine na nusu Jafari akauliza:

— Papa Zéphirin, hakuna kitu?

— Hakuna. Nyamaza tu, usikilize. Mutu wa kusema anasikia nusu.

Jafari akafunga macho, akanyamaza. Wale wawili wenye walimunyamazisha njo hawakunyamaza hata dakika moja.

— Miye najua juu ya nini zinachelewa, Turbo akaanza. Ni injini. Dunia muzima wameita injini mupya zirudi kiwandani. Walikuta ndani ya chuma yake kuna unga mubaya. Donc ndege iko chini, muzima, inangaa, lakini haina injini.

— Unga? Papa Zéphirin akacheka. Unga ya nini, ya mihogo?

— Nilisoma ku téléphone!

— Ku ile téléphone yenye kioo imepasuka? Basi ulisoma pande moja. Sikia miye. Viwanda vya ndege kubwa, duniani, ni kama mbili tu. Na zote ziko retard. Ukienda leo kuagiza ndege, wanaandika jina yako, wanakuambia rudi kisha miaka kumi.

— Kumi? nikauliza. Hata kitanda ya mupya-ndoa seremala wetu hachelewe vile.

— Kumi, Mama Colette! Alors kampuni za kwetu zinakodisha ndege ya zamani. Na ndege ya zamani inataka pièces. Pièces hakuna. Wanangoa ku moja, wanafunga ku ingine.

— Ya mupya nayo iko na matatizo, Turbo akasema. Haukusikia ile yenye kipande ya ukuta iliruka hewani, watu wako ndani? Hakuna mutu alikufa, Mungu asifiwe. Lakini téléphone ya mutu ilianguka toka kule juu mpaka chini, wakaiokota ingali inawaka!

— Wapi!

— Ninaapa!

— Ni marque gani? nikauliza, maana ya kwangu ilianguka toka ku meza tu, ikakufa.

Turbo hakujua marque. Vile hakujua, akaruka ku kitu ingine, njo tabia yake.

— Tena kuna makambo ya vita. Pale kuna vita, wanavuruga ile chombo yenye kuonyesha ndege njia. Pilote anaangalia écran, écran inamuambia uko juu ya bahari, kumbe iko juu ya pori. Donc ya Safiya, miye naona, ilipita Kisangani bila kujua. Saa hii imerudi nyuma mpaka Isangi, kule ku mto.

— Isangi kuna aeroport ya kushusha ndege kubwa? nikamuuliza.

— Si nasema ilishuka ku mayi? Wameifunga kamba ku muti, karibu na pirogues. Abiria wanakula samaki.

Nikaona Jafari anakaza macho yake zaidi, vidole vinashika goti. Nikamuambia Turbo achunge mudomo, mutu iko na roho juu. Turbo akaomba pardon, lakini Papa Zéphirin alikuwa amekwisha kupata moto. Hakuna kitu inamuuma yule papa kuliko mutu ingine kusema mambo ya ndege kumushinda.

— Shida yenyewe haiko injini, haiko njia. Shida ni mafuta! Ulaya wametoa sheria. Kampuni haiwezi kutia kérosène peke yake, lazima wachanganye kidogo na mafuta yenye ilikwisha kukaanga.

— Kukaanga nini? nikauliza.

— Chakula. Mafuta kama ile yako.

Wote wawili wakageuka, wakaangalia marmite yangu. Miye nikasimama na kijiko mukononi.

— Mafuta yangu iko na nini?

— Haina kitu, Mama, Turbo akasema na sauti ya pole. Tunaisifu. Unaona sasa juu ya nini ndege za Ulaya zinafika saa yake? Ni nguvu ya viazi frites! Ukipeleka bidon mbili Bangboka, tutakuwa tunafika Kinshasa kwa dakika makumi ine.

— Makumi ine? Na mafuta ya Mama Colette yenye iko ku marmite tangu Noël? Papa Zéphirin akapiga goti. Pilote atapita Kinshasa, ataitafuta nyuma!

— Tangu Noël! nikapiga kelele. Weye Zéphirin, weka kikombe yangu chini! Weka! Mwenye alikula mikate kumi na mbili jana ni nani? Mafuta ilikuwa ya Noël ulipokuwa unalamba vidole?

Tulipiga kelele, watu wa toleka, ile taxi ya baiskeli, wakasimamisha vélo zao kutuangalia. Papa Zéphirin anacheka mpaka anakohoa, Turbo anaigiza pilote anasikia harufu ya mikate, miye natukana na kucheka pamoja. Nilikuwa na furaha, niseme kweli. Asubuhi ya vile inanifanya nipende Kabondo. Jafari peke yake, macho imefungwa, kichwa chini, anasikiliza hewa.

Katikati ya ile fujo moto ikasimama. Mama mumoja akashuka, lunettes nyeusi ku macho, pagne ya bei kiunoni, valise kubwa. Nikawaza ni mutu wa Kinshasa anapita.

— Mama, ngoja kidogo, mikate inaiva, nikamuambia bila kumuangalia sana.

Akasimama tu, anatuangalia mumoja mumoja. Papa Zéphirin akainua kidole.

— Kimya sasa! Ni saa sita na nusu, na hakuna ndege imepita. Sikio hii haidanganye!

— Papa, ya Kinshasa? yule motari mwenye alimuleta akasema, anatelemusha valise. Ilishuka saa tano juste. Wamekodisha moja mupya, injini yake haipige kelele hata kidogo. Huyu mama alibaki pale saa nzima, anazunguka, anaangalia wanaume usoni. Téléphone yake ilizimika. Mpaka polisi akamuuliza anatafuta nani.

Kidole ya Papa Zéphirin ikabaki juu. Yule mama akatoa lunettes.

— Mujambo wote, akasema. Sasa ninyi watatu, bwana yangu iko nani?

Sauti ile! Nilikuwa sijawahi kumuona Safiya anatembea peke yake, njo maana sikumujua. Kwangu alifikaka na mukono ku bega ya Jafari.

Wenye walijua injini, viwanda, vita na mafuta ya Ulaya, wote wawili wakatafuta pa kuangalia. Turbo aliangalia viatu vyake. Papa Zéphirin alijifanya kupuliza kahawa, na kikombe ilikuwa tupu. Miye niko na mudomo, Kabondo muzima inajua, na nikashusha kijiko. Kuonyesha kwa kijiko ilikuwa rahisi, lakini ile haikuwa kazi ya kijiko yangu.

Jafari alikuwa amefungua macho. Basi akainua mukono, taratibu, vile watoto wa masomo wanainua wakiogopa mwalimu.

Safiya akamukaribia. Akaangalia koti, akaangalia ndevu, akaangalia kichwa yote muzima, akarudi ku uso, akabaki pale muda murefu. Akaanza kucheka, na machozi inatelemuka.

— Yo, Jafari, ulizeeka! Na hakuna mutu aliniambia!