Mafunzo ya Polisi Jeshi Yahesabiwe: Risala ya Askari wa Kituo cha Soko

Mgeni rasmi, Kamishna wa Polisi. Mkuu wetu wa kituo. Wazee wa mtaa na majirani zetu wa sokoni: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

KARIBU

Karibu kituoni kwetu. Rangi ukutani bado mbichi, tafadhali usiegemee. Tumeipaka wenyewe kwa ajili yako, maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

TULIKOTOKA

Sisi tulimaliza mkataba polisi jeshi, tukaletwa hapa kwa majaribio. Kambini kazi yetu ilikuwa kukamata askari wenzetu. Unayemkamata ana nguvu kama zako, pengine ana bunduki, na kesho mtapanga foleni moja ya chakula. Ndiyo maana tulifundishwa kutanguliza mdomo, mkono ufuate baadaye.

Hatukuja tumekamilika. Wiki ya kwanza dada yetu mmoja alimsimamisha muuza mboga kwa sauti ya gwaride: "Jina, cheo, kikosi!"

Mama akatua kapu. "Jina, Mama Vitunguu. Cheo, mama mkwe. Kikosi changu ndio hizi nyanya, na wewe mwanangu unazikanyaga."

Soko zima lilivunjika mbavu. Tangu hapo dada yetu anaitwa Kikosi, na siku hizi anasalimia kwanza.

TULICHOFANIKIWA

Mwezi uliopita seremala mmoja aligombana na kaka yake juu ya kiwanja cha marehemu baba yao, akajifungia naye karakanani, shoka mkononi. Wengine wetu tulitaka kuvunja mlango. Kikosi akakataa. Akaketi chini, nje ya mlango.

"Kaka, umechoka. Hata mimi nimechoka. Nipitishie hilo shoka dirishani, halafu utukane upendavyo."

Alitukana hadi tukaona haya. Kisha shoka likapita dirishani, na ndugu wote wawili wakatoka wazima. Mama yao yuko hapa leo, safu ya mbele.

LINALOTUKWAMISHA

Kanuni inasema asiyepita chuo cha polisi aanze upya kama kuruta, na chuo hakimpokei aliyevuka umri. Wengine wetu tunaweza kuanza upya. Kikosi umri umempita, na Ijumaa, majaribio yakiisha, anarudisha sare. Inatuuma, hatufichi.

OMBI LETU

Mafunzo ya polisi jeshi yahesabiwe. Tupewe kozi fupi ya sheria za raia, kisha mtihani, na atakayeanguka aende zake. Hatuombi huruma.

Kikosi hakutaka kutajwa humu. Tulipiga kura, akashindwa, tukamwamuru aisome risala hii yeye mwenyewe. Ndiye huyu aliyesimama mbele yako, mgeni rasmi, na kama sauti imemtetemeka, usimhesabie kosa.

Mungu akuangazie katika uamuzi wako, akutunzie na nyumba yako.

Ni sisi,
Umoja wa Askari Waliotoka Polisi Jeshi, Kituo cha Soko.