Mpunga wa Bi Janat

Kijiwe cha Abdimajid kiko pembeni mwa soko la Nyakoe: benchi moja refu, jiko la makaa na birika la kahawa chungu. Asubuhi hiyo Shueib alifika na gambuti zimejaa tope, akalaza bua la mpunga juu ya benchi. Suke lake lilikuwa jeupe, tupu. Alikuwa ametoka bondeni, kwenye shamba alilolima mama yake, Bi Janat, hadi alipofariki mwaka jana. Huo ulikuwa msimu wake wa kwanza wa mbegu ya dukani, na shamba zima lilikuwa hivyo hivyo.

— Pasua uone, alimwambia Ochoki.

Ochoki, muuza mitishamba ambaye kijiwe kizima kilimwita Daktari, alilipasua bua kwa ukucha. Funza mnene akajinyonganyonga ndani.

— Na ule wa mamako haukuwahi kuliwa, alisema. Mimi najua siri. Alikuwa anachoma pilipili upande upepo unatoka.

— Wacha hizo, bana! alidakia Nyangau, dalali wa ng'ombe waliyembandika jina la Spika. Ni dua. Yule mama alizunguka shamba akisoma kila Ijumaa.

— Yaya! Hapana, Spika! alipinga Daktari. Hawa funza wa siku hizi hawasikii dua. Wanafukuzwa na minara ya simu huko Itumbe, wanashuka kwetu.

— Kwani funza ako na simu?

Benchi likaangua kicheko. Shueib hakucheka. Alilikodolea macho lile suke.

Marion, afisa mpya wa kilimo, alikuwa amesimama kando akinywa kahawa.

— Samahani, wazee. Kwa mpunga wa mama, funza walikuwa hawaingii kabisa?

— Waliingia, alijibu Shueib. Lakini ukipasua bua unawakuta wamekufa, wembamba kama uzi. Mama alisema mpunga wake una ukali ndani.

— Basi huenda alikuwa anasema kweli. Kuna mimea inayojitengenezea dawa yake. Mdudu anatafuna, hakui, anakufa. Mbegu yake iko wapi?

Abdimajid aliinama akachochea makaa yasiyohitaji kuchochewa.

Akilini Shueib aliuona mfuko wa mbegu ukining'inia jikoni kwa mama, umeshika masizi. Yeye ndiye aliyekata kamba. Siku ya hitima watu walikuwa wengi, mchele ukapungua. Dada yake Kinsi alimshika mkono: "Kaka, hiyo ni mbegu." Akamjibu, "Peleka ukatwange. Mbegu zimejaa madukani."

— Tuliila, alisema. Kwenye hitima yake. Sisi wote hapa.

Marion alitazama mmoja baada ya mwingine. Daktari aliweka kikombe chini.

— Ule wali, alisema polepole, mimi niliongezwa mara mbili.