Mama Pembesita Anaondoka, na Chumba Chake Kinataka Kufungwa

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mkuu wa chumba cha utafutaji wa kikemia katika ofisi yetu ya hataza anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Sote tunamwita Mama Pembesita, kwa sababu hakuna bahasha, kalenda wala karatasi ya kufutia mikono iliyopita mbele yake bila kuchorwa pembesita ya atomi sita za kaboni. Kamati ya sherehe imeomba maneno matamu. Yapo, lakini yatasubiri zamu yake.

Jamaa zake watakaosoma kijitabu hiki wajue kwanza mama yao alikuwa akifanya nini kutwa nzima. Mtu akija kudai amevumbua dawa na anataka hataza, yaani haki ya kuimiliki peke yake, sisi ndio tunaopekua kanzidata za dunia kuona kama mwingine hakumtangulia. Kazi inaonekana nyepesi mpaka ukutane na majina. Dutu moja ina jina la dukani, jina la maabara, na jina la kitaalamu refu kama treni ya mizigo, ambalo nalo huandikwa kwa namna kadhaa kutegemea umeanza kuhesabu atomi upande gani. Jina la dukani ndilo baya kuliko yote: huku ni dawa ya kikohozi, ng'ambo ya mpaka ni ya minyoo. Anayetafuta kwa jina moja tu amechungulia nyumba kwa tundu la ufunguo, kisha anatangaza kwamba ndani hamna mtu.

Ndiyo maana katika chumba chake hakuna aliyegusa kibodi kabla ya kushika penseli. Unachora molekuli kwa mkono. Unaingiza mchoro kwenye kanzidata inayosoma maumbo, unapata namba ya usajili ya dutu, ndipo unakusanya majina yake yote na kuyafuata moja moja. Namba yenyewe hakuiamini hivi hivi. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, naye alizikokotoa kichwani huku akimenya chungwa. Isipokubali, faili linarudi kwa mwenyewe likiruka hewani.

Hakuwa mpole, na tusimsingizie upole leo kwa kuwa kuna keki. Aliwahi kuwafokea wageni wa heshima kwa kuiita chumvi ya dawa, yaani dawa iliyokwisha kuunganishwa na asidi, kwa jina la dawa yenyewe. Alikosea pia. Kuna mfamasia aliyekataliwa ombi lake kwa sababu mchoro wa Mama Pembesita haukuonyesha kundi moja la atomi limeelekea mbele au nyuma, na dutu mbili tofauti zikaonekana moja. Mfamasia alikuja juu. Mama Pembesita alimsikiliza, akamwomba radhi mbele ya ofisi nzima, na tangu siku hiyo ole wake aliyechora bila kuonyesha mwelekeo.

Sasa tuje kwenye marhamu ya upele. Mwaka juzi kampuni moja kubwa ilileta ombi la marhamu "mpya". Ili kuharakisha, mkurugenzi wetu alikipita chumba cha kemia na kulipeleka faili kwa watu wa idara ya mitambo, mabingwa wa pampu na gia. Wakaandika jina kama lilivyokuja, programu ikajibu kwamba hakuna kitu, cheti kikachapwa, kikabaki kusubiri sahihi ya mtafutaji. Mtaa wa pili kuna kiwanda kidogo kinachopika marhamu hiyo hiyo miaka nenda rudi, na zahanati zote za jirani zinaitegemea. Sahihi moja tu, na kiwanda kile kingefungwa kwa amri ya mahakama.

Mama Pembesita aliliona faili mezani kwa katibu muhtasi alipokwenda kuomba likizo. Akachora molekuli nyuma ya ombi lake la likizo, akarudi chumbani, akauingiza mchoro. Dutu ile ikajitokeza katika jarida la zamani la mifugo, chini ya jina la maabara: ilikuwa ikipakwa masikio ya mbuzi kabla wakili wa kampuni hajazaliwa. Wakili alipanda ngazi akitweta.

"Dada, unamkwamisha mteja wangu kwa michoro ya shule?"

"Michoro ya shule ndiyo hiyo uliyoikimbia, kaka. Kaa nikufundishe."

Ombi lilikataliwa. Kiwanda kinafanya kazi hadi leo.

Na ofisi imejifunza nini? Imejifunza kukifunga chumba! Kuanzia Jumatatu hakuna mkemia atakayeshika nafasi yake, usajili wetu katika kanzidata ya maumbo hautahuishwa, na maombi yote ya dawa yatatafutwa kwa jina. "Twende na wakati, mama, mashine inasoma kila kitu," mkurugenzi alimwambia kwenye kikao. "Inasoma, mwanangu," alijibu, "ila haijui inachokisoma." Watu wakacheka, mkurugenzi akacheka nao, kisha akaidhinisha uamuzi wake. Huo si uzembe tena. Mzembe hajui, huyu ameonyeshwa kwa mchoro.

Mama Pembesita ameikataa saa ya ukutani aliyoandaliwa. Amesema akitaka kujua saa atauliza mjukuu, na kwamba zawadi anayoitaka ni kanzidata ile iendelee kufunguka. Hajajibiwa.

Basi sisi watafutaji watatu tunaobaki tunajibu hapa, katika kijitabu ambacho mkurugenzi atakisoma akiwa meza kuu. Ombi lolote la dutu ya kikemia lililotafutwa kwa jina peke yake halitapata sahihi yetu. Tuhamishwe, tuandikiwe barua, tupelekwe kuhesabu viti stoo; sahihi hamtaipata.

Ahsante, Mama Pembesita, kwa macho yako na kwa kelele zako. Lala mpaka jua liwake, wachoshe wajukuu, na maisha yakunyookee huko uendako. Ugomvi umetuachia sisi, na tumeupokea.