Takataka: Ubao wa Mzee Jairus Shikanga

Wasikilizaji wapendwa, hebu tulizeni sufuria huko jikoni. Leo tunamkumbuka mtu ambaye, kama angekuwa hai, angekuuliza kwanza redio yako inatumia betri gani, halafu akudharau.

Mzee Jairus Shikanga. Narudia jina, ili aliyechelewa asisumbue jirani: Mzee Jairus Shikanga, fundi wa kuchaji betri mjini Kakamega. Alizikwa Jumamosi iliyopita nyumbani kwake Shinyalu, akiwa na miaka sitini na saba.

Miaka ishirini na nne alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha sukari. Mwaka wa 1991 akastaafu, akafungua kibanda karibu na soko. Wengi wetu hatuna stima nyumbani, na sisemi siri. Betri ya gari ndiyo stima yetu. Unaifunga kwenye baiskeli, unaileta mjini, inachajiwa, unarudi nayo watoto waone habari.

Kuchaji ilikuwa kazi ya mikono yake tu. Kazi ya moyo wake ilikuwa kupima. Miaka hiyo maduka yalianza kujaa chaja za kila rangi na adapta za kila namna, na kila boksi lilikuwa na ahadi. Ahadi! Mzee Shikanga alizichukia ahadi za maboksi kama mtu anavyochukia funza. Ukimletea kifaa chako, anakifungia balbu, anakitazama siku tatu. Siku tatu, wasikilizaji, si moja. Kila saa anakiwekea kiganja aone kama kinapata joto. Siku ya tatu ikiisha anachukua chaki, anaandika kwenye ubao mweusi mbele ya kibanda, kila mpita njia asome.

"Chaja nyekundu. Ahadi: saa nane. Kweli: dakika arobaini. Takataka." "Adapta ya redio. Ahadi: mwaka mmoja. Kweli: hadi Jumanne. Takataka." Kwa miaka mitano, vifaa vilivyoandikwa "Imepita" havikufika kumi. Wenye maduka walikuwa wanavuka barabara ili wasipite mbele ya ubao ule.

Wateja nao hawakupona. Aliyeanika mawe ya redio, zile betri ndogo, juu ya bati ili jua liyarudishie nguvu, aliulizwa kama kwao huwa wanaanika pia majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Aliyeyauma kwa meno aliambiwa aongeze chumvi. Mkewe, Mama Pascalia, anasema hata mezani hapakuwa na amani. "Nikimpikia ingokho anaulizanga huyu kuku aliahidi nini," anatuambia, na anacheka huku anajifuta macho.

Kulikuwa na sheria moja, na mwishike vizuri hii. Neno la ubaoni halikufutwa na mwenye duka, wala na Shikanga mwenyewe. Aliyekuwa na haki ya kulifuta ni yule aliyeumizwa na kifaa, akirudi kusema sasa kimemfaa. Mtu huyo peke yake.

Haya, tufike kwa Sifuna. Sifuna ana duka la vifaa vya umeme. Yuko hai, ana afya, na pengine anasikiliza. Karibu sana.

Agosti 1996 chaja kubwa ya Mzee Shikanga iliungua. Betri kumi na moja za watu zilikuwa zinangoja sakafuni. Sifuna akamletea mpya, ya buluu, yenye taa ya kijani ya kuonyesha betri ikijaa. Mzee akasema ataipima siku tatu. Sifuna akacheka kwa adabu zake za dukani, akasema mbele ya wateja kwamba fundi wa hadhi yake hana haja ya siku tatu, ananusa tu anajua. Wateja wakaitikia kwamba ni kweli, Mzee hata akinusa anajua.

Sifa ni kitu kibaya, jamani. Mtu aliyedharau ahadi za maboksi yote ya Kakamega aliamini ahadi moja, ile iliyomhusu yeye mwenyewe. Akainusa chaja. Akaipima siku moja. Siku moja! Akaandika: "Imepita."

Kesho yake mama mmoja wa Shinyalu, Navalayo, akaleta betri mbili. Mumewe, Were, aliyekuwa mkata miwa kule Mayoni, alikuwa amefariki, na betri zilikuwa za spika ya mazishi. Taa ya kijani ikawaka. Mzee akamkabidhi, akampa pole.

Mazishi yetu mnayajua. Watu mamia wako uwanjani, na mjane anapewa nafasi ya kusema mara moja tu. Navalayo alikuwa na neno zito. Shemeji yake alikuwa ameshaanza kunong'ona kwamba mwanamke huyu hana mtoto wa kiume, basi atarudi kwao na shamba lirudi kwa ukoo. Lakini Were, akiwa kitandani, alikuwa amemwambia mkewe kwamba shamba ni lake, na aliseme hilo mbele ya watu wote.

Navalayo akashika maikrofoni, akasema, "Mume wangu Were aliniambia," na spika ikazima.

Aliendelea kusema, maskini, lakini sauti yake ni ndogo. Safu ya kwanza ilisikia nusu, ya pili ikaulizana. Shemeji yeye hakuhitaji stima. Alisimama na koo lake la fahali, akamshukuru mama kwa kumlilia ndugu yake vizuri, akatangaza kwamba sasa mama ataenda kupumzika kwao. Watu wakarudi makwao na neno hilo. Shemeji, kama na wewe unasikiliza, karibu pia.

Mzee Shikanga alikuwa safu ya tatu. Spika ilipozima hakusikia tena hata neno moja la mjane, na alijua kwa nini. Alirudi kibandani akaifungua ile chaja. Ndani ilikuwa imeungua, na taa ya kijani ilikuwa inawaka tu kwa kiburi. Akachukua chaki. Chini kabisa ya ubao akaandika: "Jairus Shikanga. Ahadi: siku tatu. Kweli: siku moja. Takataka."

Siku ya tatu baada ya mazishi ukoo ulikutana kunyoa nywele na kuzungumza mambo ya marehemu, kama desturi. Mzee akatokea na baiskeli, spika mgongoni na betri nyuma. Betri hiyo alikuwa ameichajisha kwa fundi mwenzake, mtu ambaye Mzee mwenyewe aliwahi kumwandika ubaoni, na alikuwa ameipima siku zote tatu. Spika siku ya kunyoa! Siku hiyo watu huketi kwenye nyasi na kuongea polepole. Walimcheka. Shemeji aliuliza kama kuna disko. Mzee alimwekea Navalayo maikrofoni mkononi.

"Mama, sema tena," akamwambia. "Ni mimi nilikukata sauti."

Navalayo akasema: "Were alisema shamba ni langu, na niseme mbele ya watu. Nimesema. Mimi siendi mahali."

Ng'ambo ya mto walisikia. Baada ya hapo hakuna mzee aliyeweza kujifanya hakusikia, na Navalayo yuko kwake hadi leo. Mahindi yake unayaona ukiwa barabarani.

Alipokwenda kibandani kulifuta lile neno, maana haki ilikuwa yake, Mzee alimnyima kitambaa. Alimwambia bado siku tatu hazijaisha, aendelee kumpima. Kwa miaka miwili alimchajia betri, na kwa miaka miwili alimkatalia.

Jumamosi iliyopita, kwenye mazishi ya Mzee, spika iliwashwa saa mbili asubuhi ikadumu hadi wimbo wa mwisho, saa kumi, kwa betri yake mwenyewe. Sifuna alituma shada la maua ya plastiki. Ubao uliegemezwa kando ya jeneza, na Mama Pascalia akamwita Navalayo mbele ya watu wote.

"Mimi siwezi kufuta," akasema. "Hakunikata mimi. Njoo wewe."

Navalayo akashika pindo la leso yake, akalifuta neno moja, takataka. Mtu mmoja akanyoosha mkono amsaidie kufuta mstari wote. Akamzuia.

"Hayo mengine ni kweli," akasema. "Yaache."

Mama Pascalia, watoto, na ukoo wote wa Shikanga, poleni sana. Mungu awape nguvu ya kudumu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjazima redio kuokoa betri, jiulizeni ubao wenu ungeandikwa nini, na ni nani mwenye haki ya kuwafutia. Mkimjua, nendeni kwake kesho asubuhi, angali anaweza kuwasikia.