Ufunguo wa Kabati la Chumba Namba Sita

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliokaa nyuma kabisa ambao sitawauliza mlimjulia wapi: anayesoma ni mdogo wake marehemu, mshona sare za shule. Wanawe waliniomba nisome kwa sababu, walisema, mimi ndiye niliyemjua kuliko wote. Si kweli, lakini nimekubali.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya karakana, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yetu alikuwa fundi wa breki za mabehewa, mama alifua mashuka ya hospitali. Mimi nilimfuata yeye. Nikiwa na miaka saba niliidondosha redio ya baba, na marehemu pekee ndiye aliyeniona. Baba alipouliza, alinyamaza. Alipoulizwa tena, alinyamaza tena, akachapwa yeye. Siku ile niliupenda sana ukimya wake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963, akamaliza sekondari mwaka 1974 na chuo cha uuguzi Novemba 1977. Mama alizitunza ripoti zake zote. Katika mojawapo mwalimu ameandika: "Ana akili, ila hachangii darasani."

Januari 1978 aliajiriwa wodi ya wanaume, akafanya kazi humo miaka kumi na moja. Mwaka 1989 alipelekwa kozi ya ushauri nasaha ya miezi tisa, na aliporudi akapewa chumba namba sita, kati ya maabara na stoo ya mifagio. Humo mlikuwa na meza, viti viwili alivyoviweka mshazari ili mtu asilazimike kumtazama usoni, na kabati la chuma la droo nne. Watu waliingia humo na majibu ya vipimo, na ndoa zilizovunjika, na mambo ambayo hawakuwahi kuyatamka popote. Wauguzi wenzake walimbandika jina la Kabati. Walisema amepata kazi ya kukaa, wakati wao wanakimbia na mabeseni.

Barabarani hakumsalimia mtu kwanza. Aliyemsalimia alimwitikia vizuri, asiyemsalimia alimpita kama hamjui. Mama alisutwa sokoni kwamba bintiye ana maringo, akaja nyumbani kulalamika. Marehemu akamwambia, "Mama, nikimsalimia mtu mbele ya mkewe, mkewe atauliza ananijuaje." Kanuni hiyo hakufundishwa na mtu. Leo imo kwenye kitabu cha maadili ya washauri nasaha, ukurasa wa nne, na vijana wanaikariri bila kujua kwamba mama yetu aliilipia kwa kusutwa.

Jumamosi, tarehe 4 Septemba 1982, alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto wawili wa kiume. Shemeji yangu alikuwa mtu wa mzaha. Alikuwa akisema, "Wenzangu wameoa wanawake, mimi nimeoa kabati, na ufunguo anao mwenyewe." Walipendana mpaka alipofariki mwaka 2010, na sidhani kama aliwahi kujua hata siri moja ya jirani.

Juni 1996 aliitwa mahakamani. Mume mmoja, katika kesi ya talaka, alitaka kujua mkewe alisema nini chumba namba sita. Marehemu alikataa kujibu. Hakimu, kwa upole kabisa, akamuuliza, "Ni sheria gani inayokukataza, mama?" Hakuwa nayo. Daktari alikuwa na sheria yake, wakili alikuwa na yake, mshauri nasaha hakuwa hata na neno la kumtaja. Alilala rumande siku saba kwa kudharau mahakama. Alitoka na kikohozi na karatasi kumi na mbili alizoziandika kwa penseli. Hiyo ndiyo ilikuwa rasimu ya kwanza ya sheria ya washauri nasaha.

Nitasema sasa jambo ambalo wanawe walinisihi niliruke.

Mwaka 2001 binti yangu wa pekee, akiwa na miaka kumi na minane, aliacha kula na kuongea. Nilimpeleka kwa dada. Mji mzima ulikuwa na mshauri mmoja, ningempeleka kwa nani? Walikaa Alhamisi sita, saa tisa alasiri. Alhamisi ya mwisho ilikuwa tarehe 9 Agosti. Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka kwenye cherehani nikakuta sare yake imekunjwa kitandani, na yeye hayupo. Mpaka leo hayupo.

Nilikwenda kwa dada miguu peku. Nikamwambia, "Wewe unajua."

Akasema, "Najua."

"Basi niambie. Mimi ni mama yake."

"Mdogo wangu, niulize kingine chochote."

Nilimwambia damu ni nzito kuliko maji. Nilimwambia maneno mengine ambayo siwezi kuyasoma mbele ya jeneza. Alisimama akayapokea yote, kisha akaniambia kwamba mtoto alikuwa mzima alipoagana naye, basi. Kwa miaka minne hatukusemeshana. Tulipoanza tena, tulizungumzia mvua na bei ya sukari.

Mara moja tu alilifungua jambo hilo mwenyewe. Mwaka 2005 alikuja na rasimu yake, ambayo sasa ilikuwa na kurasa themanini, akanionyesha kanuni mpya aliyoiongeza: mshauri asimpokee ndugu yake. "Kosa langu si kunyamaza," alisema. "Kosa langu ni kumpokea. Ningempeleka kwa mgeni hata mji wa mbali, wewe ungebaki na dada." Nilimrudishia karatasi zake bila kujibu. Leo ningemjibu.

Rasimu ile ilipigwa danadana miaka ishirini na mitatu. Katibu mmoja aliipoteza, mwingine akaikalia, wa tatu akaomba nakala nyingine kwa sababu ya kwanza ilimwagikiwa na chai. Ilipofika bungeni mara ya kwanza, mheshimiwa mmoja alisimama akasema kama kusikiliza ni taaluma, basi mama mkwe wake ni profesa. Ukumbi mzima ulicheka, na muswada ukarudishwa. Marehemu alikuwa ameketi juu, kwenye viti vya wageni, na viatu vyake vya kuazima. Viatu vilikuwa vyangu.

Sheria ilipita Oktoba 2019, ikaunda Bodi ya kuwasajili washauri. Wakati wa kulima tuliwaona watu wawili watatu. Wakati wa kuvuna walikuja na vikapu. Namba moja katika daftari la washauri alipewa bwana aliyeingia kwenye kamati mwezi wa mwisho. Marehemu aliandikiwa barua kwamba cheti chake cha miezi tisa hakitoshi, afunge chumba mpaka afanye mtihani. Alifunga. Alikuwa na miaka sitini na tatu, na mwezi wa pili akakaa kwenye dawati na watoto waliosoma kwa maelezo aliyoyaandika yeye. Nilimuuliza kama haoni uchungu. Akasema, "Nimetaka watu wapimwe. Nitakataaje kupimwa?" Alifaulu, akawa namba mia nne na kumi na mbili. Bodi, naona mmekuja na shada kubwa. Liwekeni pale.

Aligundulika na maradhi ya figo Februari 2023, akaendelea na kazi mpaka mwaka jana. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, wanawe wakiwa naye.

Wiki mbili kabla, aliwatoa wote nje akanipa ufunguo wa kabati. Alisema Bodi wataifuata mali yao nikishawapa taarifa, kwa sababu sheria yake ndivyo inavyotaka. Nilimuuliza kwa nini mimi, na anao wana wawili wazima. Akajibu, "Kwa sababu wewe ndiye unayetaka kulifungua. Asiyetaka atausahau ufunguo dirishani."

Alhamisi, siku mbili baada ya kifo chake, nilikwenda chumba namba sita peke yangu. Droo ya tatu imeandikwa miaka, na 2001 imo. Niliutia ufunguo. Nilikaa kwenye kile kiti cha mshazari, ambacho binti yangu alikikalia Alhamisi sita, na nikasema wazi kile ninachokiogopa: kwamba jina la aliyemkimbiza, lililoandikwa mle ndani, ni langu. Nilimlaani dada yangu. Kisha niliuchomoa ufunguo, na kesho yake nikawakabidhi maofisa wawili wa Bodi. Walilipiga kabati lakiri mbele yangu. Mmoja wao, kijana mstaarabu, alinieleza kwamba faili haliwezi kuombwa na mzazi, wala polisi, wala mahakama bila sababu nzito. Mwenye faili mwenyewe akija na kitambulisho chake atapewa, kwa miaka kumi ijayo. Nilimuuliza nani aliyetunga kifungu hicho. Hakujua.

Marehemu ameacha wana wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, ndugu watatu nikiwemo mimi, na mpwa mmoja wa kike, popote alipo.

Mwanangu, kama karatasi hii itakufikia: faili lako lipo, na sijalifungua. Njoo ulichukue. Ukitaka kunisomea, nitasikiliza. Usipotaka, nitanyamaza, nimemwona aliyejua kunyamaza.

Apumzike kwa amani dada yetu. Mimi yangu bado naisubiri.